Huduma ya mzee inaanzia mlangoni kwake

Siku ya malipo ya ruzuku, bibi wa miaka sabini na kitu anaweka kidole gumba kwenye kioo cha mashine. Mashine inakataa. Anakifuta kwa pindo la kanga, anabonyeza tena, inakataa. Anaambiwa akanawe mikono, akae kivulini, ajaribu baadaye. Lakini mikono yake si michafu. Kidole kilichoshika jembe miaka hamsini, au kilichosuka ukili, au kilichoparua samaki na kuwapaka chumvi, hulainika mpaka mistari yake ikafutika. Isitoshe, ngozi ya uzeeni hukauka na haishiki kioo sawasawa. Fedha zipo, jina lipo kwenye orodha, mwenye jina kafika kwa miguu yake, na bado anarudi nyumbani mikono mitupu.

Matatizo mengi ya huduma za wazee yana sura hiyo. Bajeti imetengwa na mpango umeandikwa, ila kipande cha mwisho cha njia, kile kati ya ofisi na mkono wa mzee, kimepangwa kwa kumfikiria mtu mwenye macho mazuri, magoti mazima, simu mfukoni na cheti cha kuzaliwa. Huduma jumuishi inayomweka mtu katikati ni kuugeuza mpango huo: unaanza na mzee huyu, katika nyumba hii, mwenye mwili huu, kisha unarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka ofisini. Kazi hiyo ina utaratibu wake, na mahali inapoharibika panajulikana.

Nani anatoa nini

Kwa Tanzania Bara, mzee ni aliyefikisha miaka 60. Ndivyo isemavyo Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003. Zanzibar ilianza kulipa pensheni jamii Aprili 2016 kwa kila mkaazi anayestahili aliyefikisha miaka 70. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapandishwa hadi 50,000, na haimuulizi mzee kama watoto wake wana uwezo au nyumba yake ina bati. Kenya nayo, kupitia Inua Jamii, ilifungua mlango kwa wote waliofikisha miaka 70 mwaka 2018, kwa shilingi za Kenya 2,000 kwa mwezi, na Katiba yake ya 2010, kifungu cha 57, inawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa na kupata matunzo ya familia na ya serikali. Bara ilichukua njia nyingine: TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa serikali, inalipa kaya maskini, na mzee anaingia kwa mlango wa kaya.

Tofauti hiyo inaonekana ya kiofisi tu, lakini ndiyo inayoamua nani anabaki nje. Pale kigezo kinapokuwa umri, jambo la kuthibitisha ni moja. Pale kigezo kinapokuwa umaskini wa kaya, lazima kwanza ijulikane kaya ni ipi. Mzee anayelala kwenye kibanda nyuma ya nyumba ya mwanawe, anayepika mwenyewe na kula peke yake, mara nyingi huhesabiwa ndani ya kaya ya mwana. Bati la mwana linamwondoa baba kwenye orodha, ingawa sufuria zao ni mbili. Kwa hiyo anayeandikisha asiulize tu "nani anaishi hapa?" Aulize nani anakula chungu kimoja na nani. Tena aende mwenyewe kuliangalia jiko.

Matibabu yana mlango wake. Bara, mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo anastahili msamaha wa gharama katika vituo vya serikali, na vituo vingi vimebandika tangazo la kumpisha mzee ahudumiwe kwanza. Msamaha huo huishia kwenye dirisha la dawa. Daktari kamwona bila malipo, dawa haipo, mzee anapewa karatasi akanunue duka la nje. Ukiongeza nauli ya bodaboda kwenda na kurudi, na ya mtu wa kumsindikiza, "bure" inakuwa safari asiyoimudu kila mwezi. Anayempangia mzee huduma lazima aziandike gharama hizo mbili, dawa na nauli, kabla ya kuandika kwamba matibabu yameshughulikiwa.

Halafu kuna umri wenyewe. Wazee wengi hawana cheti cha kuzaliwa, na mwaka ulioandikwa kwenye kitambulisho ulikisiwa na karani. Njia inayofaa ni kalenda ya matukio. Muulize alikuwa wapi na anafanya nini wakati wa Uhuru, Desemba 1961. Wakati wa Mapinduzi ya Zanzibar, Januari 1964. Wakati wa Azimio la Arusha, Februari 1967. Wakati watu wanahamishiwa vijijini katikati ya miaka ya 1970. Wakati wa vita vya Kagera, 1978 na 1979. Anayekumbuka kwamba siku ya Uhuru alikuwa tayari anachunga mbuzi hakuzaliwa 1961. Anayesema alikuwa na mtoto mgongoni vita vya Kagera vilipoanza ana umri ambao hauwezi kuwa chini ya kiwango fulani. Matukio matatu yanayokubaliana, na shahidi wa rika lake, yanatosha kuandika umri unaoweza kutetewa. Ongeza matukio ya hapo hapo kijijini: mwaka shule ilipojengwa, mwaka wa njaa yenye jina, mwaka mto ulipohama.

Kubisha hodi

Waende wawili: afisa ustawi wa jamii au mhudumu wa afya ngazi ya jamii, pamoja na mjumbe wa Baraza la Wazee anayefahamika mtaani. Wakienda sita, mzee anavaa nguo ya wageni na kuzungumza maneno ya wageni. Waende asubuhi baada ya chai, isiwe siku ya gulio wala saa ya swala. Watenge saa moja na nusu, na wakubali kurudi siku ya pili, kwa sababu mzee huchoka kabla ya kufika kwenye lililo muhimu.

Swali la kwanza lisiwe "una shida gani?" Swali hilo huzaa orodha ya vitu ambavyo mzee anajua ofisi hugawa: unga, blanketi, sabuni. Muulize hivi: "Bibi, tueleze siku yako, tangu unapoamka." Hapo ndipo utasikia kwamba maji analetewa na mtoto wa jirani, kwamba mchana hali kwa sababu jiko liko mbali na kitanda, kwamba kanisani aliacha kwenda tangu alipoanguka. Kisha muulize ni jambo gani moja ambalo akiweza kulifanya tena ataona siku yake imekamilika. Majibu huwa madogo na dhahiri. Kuswali Ijumaa msikitini. Kuoga mwenyewe bila kushikwa. Kusoma tena Biblia au Msahafu wake. Wakati mwingine jibu halimhusu yeye hata kidogo: anataka sare ya shule ya mjukuu. Mkoani Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mwaka 1983, mabibi wengi walilea wajukuu waliofiwa na wazazi, na kwa bibi kama huyo sare ya mtoto ndiyo huduma yake ya kwanza. Iandikwe hivyo hivyo.

Sehemu ya mazungumzo ifanyike na mzee peke yake, hata kama ni dakika kumi na tano, kwa sababu anayemnyima chakula au anayechukua fedha zake anaweza kuwa ndiye aliyewakaribisha viti. Kama mzee anazungumza Kisukuma, Kigogo au Kimaasai zaidi ya Kiswahili, mkalimani asiwe mtu wa nyumba hiyo.

Baada ya hapo ndipo mwili unapoangaliwa. Shirika la Afya Duniani lilitoa miongozo ya huduma unganishi kwa wazee mwaka 2017, na kitabu cha kazi mwaka 2019, vikitaja mambo sita: kumbukumbu, mwendo, lishe, macho, masikio na huzuni. Mengi ya vipimo vyake hayahitaji chombo chochote zaidi ya kiti na saa.

Mwendo: mzee akae kwenye kiti imara kisicho na mikono, akunje mikono kifuani, asimame na kukaa mara tano haraka kadiri anavyoweza. Akizidi sekunde 14, au akishindwa, miguu inahitaji kuangaliwa zaidi. Kigoda hakifai, kwa sababu ufupi wake unamwonea hata kijana. Mtu mmoja asimame karibu kumdaka.

Lishe: amepungua zaidi ya kilo 3 katika miezi mitatu bila kukusudia? Hamu ya kula imepotea? Wasio na mizani waulize nguo: kanga anaifunga mara ngapi siku hizi, mkanda wa suruali umeingia tundu la ngapi.

Masikio: simama nyuma yake upande mmoja, umbali wa mkono, sikio la pili likiwa limezibwa. Toa pumzi, kisha nong'ona maneno manne yasiyohusiana, naye ayarudie. Unasimama nyuma ili asikusome midomo. Wazee wengi wameshajifunza kusoma midomo bila wao kujua.

Kumbukumbu: mpe maneno matatu ayashike, zungumzeni mengine, kisha muombe ayataje. Hapa tafsiri huharibu kazi. Maneno ya mfano katika kitabu hicho, yakiletwa kwa Kiswahili, yanakuwa ua, mlango na mchele. "Ua" kwa mzee wa pwani ni uwanja wa nyumba kabla halijawa la mti, na likisemwa peke yake linasikika pia kama amri ya kuua. Tumia "ndizi". Vivyo hivyo swali la tarehe: bibi wa Pemba anaweza asijue tarehe ya kizungu, ila akakwambia bila kusita leo ni siku ya ngapi ya Mfungo Pili, mwezi wa kalenda ya Kiislamu. Huyo anajua alipo ndani ya mwaka, na kumwandikia amepotewa ni kumdhulumu.

Macho na huzuni yataenda haraka zaidi. Anaona uso wa mtu ng'ambo ya ua? Anaweza kutenganisha mawe na mchele? Ana kisukari au presha? Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mfupi, na wapo wanaoishi gizani miaka kwa kudhani ni uzee tu. Kuhusu huzuni, uliza kama kwa wiki mbili zilizopita amekuwa akikata tamaa, au mambo aliyoyapenda hayana ladha tena. Wazee wengi hawatasema "nina huzuni". Watasema moyo mzito, usingizi umekimbia, au mwili hauna nguvu.

Mpango wa ukurasa mmoja

Mpango mzuri unatosha kwenye ukurasa mmoja: lengo kwa maneno ya mzee mwenyewe, vinavyomzuia, nani atafanya nini, na tarehe. Nakala moja inabaki nyumbani kwake.

Tuchukue lengo la kufika msikitini Ijumaa. Ukimfuatilia mzee kutoka kitandani mpaka safu ya swala, unakuta vizuizi vitatu: goti, kizingiti cha mlango, na mkojo unaomjia ghafla. Ofisi iliyozoea kugawa blanketi isingegusa hata kimoja.

Goti linahitaji fimbo, na fimbo nyingi zinazogawiwa hazimfai aliyepewa. Mzee asimame wima na viatu vyake, mikono ikining'inia kando. Mshikio wa fimbo ufike usawa wa kifundo cha mkono, pale penye mikunjo. Ikiwa ndefu, inanyanyua bega. Ikiwa fupi, inamwinamisha na kumwangusha mbele. Na inashikwa kwa mkono wa upande ulio kinyume na mguu unaouma. Karibu kila mtu hufanya kinyume chake, kwa sababu inaonekana kama akili ya kawaida kuegemea upande wenye maumivu. Anayeanza atembee nayo hatua kumi mbele ya aliyemletea.

Kizingiti cha sentimita 15 kinahitaji mteremko wa urefu wa sentimita 180 hivi, maana kipimo salama ni sehemu moja ya kupanda kwa kumi na mbili za kwenda mbele. Mafundi hupenda kuufanya wa nusu mita ili kuokoa saruji. Mteremko huo ni hatari kuliko kizingiti chenyewe: kiti mwendo kinarudi nyuma, na mvua ikinyesha hata mwenye miguu mizima anateleza. Usiwe na sakafu ya kung'aa. Saruji ikwaruzwe kwa ufagio wa chelewa ikiwa mbichi.

Mkojo ndio mada ambayo wageni huiruka kwa aibu, nayo ndiyo inayowafungia wazee wengi ndani. Wengi hutumia dawa ya presha inayoongeza mkojo, wakaimeza asubuhi ya kutoka. Muhudumu wa afya anaweza kushauri kama saa inaweza kusogezwa. Mzee asiiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe. Kosa kubwa zaidi ni kuacha kunywa maji ili asisumbuke: choo kinakuwa kigumu, kichwa kinazunguka, anaanguka. Na kama choo kiko nje, mpango utaje taa, kamba au ubao wa kushika kutoka mlangoni hadi chooni, na kiti cha mbao chenye tundu cha kuweka juu ya shimo, kimo cha sentimita 45 hivi, chenye miguu mipana isiyoyumba. Fundi seremala wa kijijini anakitengeneza. Kwa mwenye magoti mabovu, kuchuchumaa ndilo jambo gumu kuliko yote katika siku yake, na hatakwambia usipomuuliza.

Kwa mzee asiyetoka kitandani, mpango unabadilika: ageuzwe kila baada ya saa mbili mchana na usiku, na visigino, nyonga na makalio vikaguliwe kila siku. Kwenye ngozi nyeusi kidonda cha kulalia hakianzi kwa wekundu unaoonekana. Kinaanza kwa sehemu yenye joto, ngumu, au yenye weusi uliozidi wa jirani yake.

Ukurasa huo pia uwe na jina la anayemtunza. Mara nyingi ni binti wa miaka kumi na tatu, au mkaza mwana, au mke ambaye naye amevuka sitini. Mpango unaosema "familia itamhudumia" umemtwika mtu huyo mmoja kazi ya usiku na mchana. Andika saa zake za kupumzika: nusu siku kwa wiki, na nani atashika zamu. Kama ni mtoto wa shule, andika siku alizokosa darasa mwezi uliopita. Mfundishe kumnyanyua mzee kwa kukunja magoti na kumsogeza karibu na mwili, kabla mgongo wake haujaumia.

Wasioonekana kwenye orodha

Mkutano wa kijiji huwakusanya wanaoweza kutembea, kusikia na kuthubutu kuzungumza. Orodha inayotoka hapo imeshawaacha wenye shida zaidi. Baada ya mkutano, chukua orodha, pita kitongoji kwa kitongoji na mwenyekiti, ukiuliza swali moja kila nyumba: ni mzee gani hapa hatoki? Mijini, uliza wenye nyumba za kupanga; mzee anayekaa chumba kimoja mtaani hana balozi wa nyumba kumi anayemjua wala shamba linalomtambulisha.

Usukumani lipo jambo zito zaidi. Wanawake wazee wameuawa kwa kuitwa wachawi, na alama iliyotumiwa dhidi yao ni macho mekundu. Macho hayo hutokana na miaka mingi ya kupika kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe katika jiko lisilo na pa kutolea moshi. Kwa bibi anayeishi peke yake, jiko sanifu lenye bomba la moshi ni afya ya macho na ni ulinzi wa uhai. Tuhuma hiyo humfika pia mzee mwenye ugonjwa wa kusahau anayekutwa akitangatanga usiku. Majirani wanaposema "anawanga", mhudumu afike haraka, aeleze ugonjwa mbele ya mwenyekiti na viongozi wa dini, na mpango utaje nani anafunga mlango usiku. Minong'ono juu ya shamba lake iandikwe pia, kwa sababu tuhuma za uchawi na hamu ya urithi mara nyingi hukaa nyumba moja.

Mabaraza ya Wazee ni jukwaa linalofaa, ila yakijaa wastaafu wanaume tu, yatazungumzia mafao. Weka viti vya wajane, vya wenye ulemavu, na cha mlezi wa mzee asiyetoka.

Turudi kwenye kidole kilichokataa. Siku ya kuandikisha, visajiliwe vidole vyote kumi, maana kidole cha pete na cha mwisho huchakaa kidogo kuliko gumba. Kabla ya kubonyeza, ngozi kavu ipakwe mafuta kidogo na kufutwa. Na njia ya pili iwe imeandikwa kwenye utaratibu: kitambulisho, picha, sahihi ya mtendaji na shahidi mmoja wa Baraza. Ikiachwa kuwa huruma ya mlipaji, bibi atalipwa siku anapokuwepo karani mwema. Asiyeweza kufika amteue mwakilishi kwa hiari yake, mbele ya mashahidi, na aweze kumbadilisha wakati wowote. Kila miezi mitatu mzee aulizwe, akiwa peke yake, amepokea kiasi gani mkononi. Jibu lilinganishwe na daftari.

Ukaguzi wa mpango mzima ufanyike wiki mbili baada ya kuanza, kisha kila miezi mitatu, kwa kiti kile kile na saa ile ile. Kwa mzee wetu wa msikitini, anayekagua aulize kwanza amefika Ijumaa ngapi, kisha aiangalie fimbo. Ikiwa inaning'inia ukutani na mpira wake wa chini umeisha, ulizeni aliteleza wapi, mkabadilishe mpira siku hiyo hiyo. Kandambili iliyokatwa na kufungwa vizuri inafaa mpaka mpira mpya upatikane.